Mvunjiko wa Kijivu

Komeo la bunduki lilirudi kwa posta
limefunikwa kwa soksi moja ya sufu,
ndani ya kopo la kahawa lililofungwa kwa kamba ya katani.
Na karatasi:
"Nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri.
Kulungu alikwenda zake. Jino moja la komeo pia.
Lililosalia ndilo lililonisalimishia jicho.
Wenu, Oiva Kämäräinen, Kuusamo."
Hakutukana. Hilo ndilo lililotuuma.

Niliuweka mvunjiko chini ya lenzi.
Uling'aa, chembe chembe,
kama sukari iliyomwagika mezani.
Mgeni angesema: tazama chuma kisafi!
Lakini mimi, miaka kumi na moja navunja vyuma kwa mshahara,
najua jeraha linalong'aa ni la chuma kilichokufa ghafla,
kisichopata hata nafasi ya kushtuka.
Feleji njema hufa kijivu,
imechanika nyuzi nyuzi,
ikibisha mpaka uzi wa mwisho.

Mhandisi Vesterinen aliingia na theluji mabegani.
"Tuongeze ugumu," akasema. "Kilichovunjika kilikuwa dhaifu."
Kilichovunjika kilikuwa kigumu, bwana.
Ugumu na ustahimilivu si ndugu wa tumbo moja;
wakikaa nyumba moja, mmoja hulala njaa.

Tukachonga vijiti vya urefu wa kidole,
kila kimoja na mkato mdogo ubavuni.
Tukavizamisha katika spiriti na barafu kavu
hadi vikaionja Kuusamo.
Toini akahesabu. Mimi nikaachia nyundo ya bembea.

Chuma cha zamani, chenye kaboni tele: tik.
Nyundo ikapita kana kwamba njia ilikuwa tupu.
Cha kromi na molibdeni: sauti nzito, mshale ukasita.
Cha nikeli, kaboni haba,
kilichofukiwa katika unga wa makaa ndani ya tanuri
ngozi ikainywa kaboni, moyo ukabaki ulivyozaliwa,
hicho kilipinda.
Kilipinda kama mtu anayeinama kupita mlango mfupi,
nyundo ikaishiwa nguvu juu yake,
na Toini, asiyecheka siku za kazi, akacheka.

Ghorofani walisoma bei kwanza.
"Nikeli!" akasema mkurugenzi Ahlfors,
kama atajavyo mtu mkwe aliyekuja bila barua.
Nikalitoa lile kopo la kahawa, nikalitikisa.
Komeo kibogoyo likagonga bati.
Sikusema neno. Nikatikisa tena.
Akatia sahihi.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini usiku ule sikupata usingizi, maana karatasi haipiki chuma.
Chuma hupikwa na Reino wa zamu ya usiku,
miaka kumi na tisa, ana mchumba ng'ambo ya ziwa,
na dakika anazowaza juu yake
ni nyuzi arobaini zaidi ndani ya tanuri.
Saa nane nikavaa koti juu ya gauni la kulalia,
nikateremka kiwandani,
nikaandika kwa chaki juu ya kipimajoto: JICHO.
Hakuniuliza. Wala hakulifuta.

Februari iliyofuata likaja kopo lilelile.
Nyama kavu, ngumu kama soli.
Karatasi:
"Thelathini na saba. Lilifunga.
Kisha, vidole vimekufa ganzi, likafunguka."
Nilisoma neno la mwisho mara tatu.
Miaka yote tulipima kufunga tu.

Tukaitafuna nyama kwa mkate mweusi, Toini, Reino na mimi;
kuhusu kulungu hatukusema kitu.
Chini ya kopo kulikuwa na soksi ya pili.
Sasa ninazo zote mbili, nazivaa maabara.
Ile ya kwanza ina doa la mafuta ya bunduki.
Nimefua kwa sabuni, kwa majivu, kwa spiriti.
Halitoki.