Usiku wa Kuamkia Jumanne

Ngara, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani,
Halkano aliandika mistari arobaini na miwili
stima ikipotea na kurudi.
Kazi ya mistari hiyo ilikuwa ndogo: kuifundisha mashine
kwamba saa moja yetu kwake ni saba,
kwamba huku anayeanza kuhesabu ni jua.
Juu ya mstari wa kumi na tisa akaacha neno:
"Usiguse hapa, nitarudi. H."

Tulikuwa na programu mbili, ndugu wa baba mmoja.
Foleni, ya kliniki, humpa mgonjwa saa yake.
Zamu, ya maji, huuambia mtaa
bomba litakohoa lini.
Zote huria, mlango wazi, chukua utakacho.
Nami nikachukua. Niliinakili mistari yake yote,
nikaibandika ndani ya Zamu, nikafunga faili,
nikashuka kula githeri.

Machi, Halkano akagundua kasoro.
Usiku wa kuamkia Jumanne
ni wa Jumatatu au wa Jumanne?
Sisi tunajua bila kuulizwa.
Mashine ilisikia "Jumanne" tu
ikangoja Jumanne yenyewe iishe, jua lizame.
Akarekebisha. Herufi sita.
Ndani ya Foleni, maana ndiko alikokuwa.
Mimi sikuuliza, naye hakujua
kwamba mistari yake ina pacha
anayeishi kwangu na ugonjwa uleule.

Agosti, mtaa wa Umoja, Bi Kwamboka alikesha
na ndoo saba, mitungi miwili,
na beseni la kumwogeshea mjukuu,
tangu saa saba usiku hadi taa za barabarani zikazimwa.
Bomba halikutoa hata pumzi.
Maji yalikuwa yamepita usiku uliotangulia,
yeye amelala, kwa sababu simu ilimwambia alale.
Alinipigia. Hakufoka.
Aliuliza tu: "Mwanangu,
huyo anayewahesabia siku, anakaa wapi?"

Nilinyamaza.
Alikuwa anakaa pawili.

Tukaketi watatu: mimi, Halkano,
na Wanza, aandikaye majaribio na asiyemwamini mtu.
Tuing'oe mistari kotekote, tuijengee nyumba yake,
maktaba moja, programu zote zikaazime pale.
Rahisi kusema. Nani atashika ufunguo?
Halkano akibadili kitu kwa ajili ya kliniki,
maji yangu yatamwagikia wapi?
Na nikichelewa kupokea toleo jipya,
kosa ni la aliyetengeneza au la aliyelala?
Sauti zilipanda. Chai ikapoa, ikafanya utando.
Wanza, bila kuinua macho:
"Mali bila daftari huisha bila habari,"
na tayari alikuwa anaandika daftari.
Namba ya kwanza ikipanda, tumevunja kitu, soma kabla ya kupokea.
Ya pili, tumeongeza.
Ya tatu, tumeziba tundu, pokea leo.
Na asiwepo wa kubadili maana ya "kesho"
kabla pande zote hazijaitika.

Maktaba tuliiita Kuamkia.
Jaribio la kwanza lina jina la Bi Kwamboka;
ndoo zake saba zimo humo, zimehesabiwa.
Likianguka, toleo halitoki.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini jana nilikuwa napekua programu ya watu nisiowajua,
wakodishaji mahema, Kayole,
nikafika mstari wa kumi na tisa.
"Usiguse hapa, nitarudi. H."
Nakala ya zamani, tundu palepale,
na hema la arusi limeagizwa
usiku wa kuamkia Jumamosi.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne za usiku.
Nikaanza kuandika: Hamjambo. Hatujuani,
ila tuna ndugu mmoja kwenu,
naye anahesabu vibaya.