Kitanzi na Mwanya

Sheffield, Jumanne, mvua imenata dirishani.
Nimekaa na koleo, taa, nyaya tatu
na faili la Bi Ibbotson, dereva wa tramu:
pengo la milimita sita nyuma ya chonge ya kulia.

Waya wa kwanza ni chuma cha mji huu,
chuma kisichojua kutu.
Ukikikunja hukunjika, hubaki ulivyokiacha,
kina adabu ya askari.
Lakini mkono wake mzito:
kinavuta kama mdai siku ya mshahara,
wiki mbili tu, kisha kimya.

Wa pili ni nikeli na titani. Huo ndio mkaidi:
ukiupinda unarudi, ukiupinda unarudi,
ukipata joto la ulimi unakumbuka umbo lake la kuzaliwa.
Samaki mkunje angali mbichi, walisema.
Huu haukuwahi kuwa mbichi.

Wa tatu ni titani ya beta.
Titani, si mtani: haina mzaha, wala haina hasira.
Huvuta leo kama ilivyovuta juzi.
Kosa lake ni ngozi, inakwaruza,
haitelezi kwenye vibano.
Basi nisiitelezeshe. Kitanzi kibebe kazi.

Kitanzi gani? Juu ya meno ya nta
nilijaribu chenye umbo la chozi:
kizuri machoni, ila jino likainama
kama mlevi anayetafuta funguo.
Nikajaribu chenye koili mbili; kirefu mno, kingemchoma ufizi.
Nikarudi kwenye herufi T,
mabega mapana, shingo fupi,
na mkunjo mdogo kila upande
ili mzizi utembee pamoja na taji,
maana kuna kuhama na kuna kuegama.

Milimita moja kwa mwezi,
mwezi ukiwa mwema.

"Si ungenipa la bandia?" aliniuliza siku ya kwanza.
Nikamwambia: kwetu Pangani husema
jino la pembe si dawa ya pengo.
Akacheka, kisha akanitazama kinywa.
"Na wewe je? Mbona lako hujaliziba?"

Nikashika koleo bila sababu.
Lako ni pengo, Bi Ibbotson, kitu kilichoondoka.
Huu ni mwanya. Ni wa bibi yangu Mwanahamisi,
babu alitoa mahari huku akiusifu.
Haya yote sikuweza kuyavusha kwa Kiingereza.
Nilisema tu: "Huu haumsumbui mtu."

Mwezi wa nne. Pengo limebaki upana wa ukucha wa mtoto.
Nakaza kitanzi, anakunja vidole vya miguu ndani ya buti.
Anasema usiku, baada ya tramu ya mwisho,
ulimi wake huenda palipokuwa wazi,
hupapasa, hukuta pamebana.
"Nalikumbuka kidogo," anasema. "Ujinga, eh?"

Naandika: gramu mia na hamsini. Arudi baada ya wiki sita.
Ulimi wangu umeshafika kwenye mwanya,
unabisha hodi.