Chubwi

Koleo la babu lilikaa sandukuni
chini ya kanga za mama, zile ambazo
hakuna aliyethubutu kuzigawa.
Si koleo la makaa. Midomo yake ikifumbwa,
ndani hubaki tundu la duara
lenye ukubwa wa kunazi.
"Kalibu ya gobori," akanong'ona shangazi Mwanahalima,
"na usilitoe nje.
Watu wa Kibokoni wana macho visogoni."

Mimi sina gobori. Nina chumba cha kujenga huku juu,
na fundi Chengo, aliyelitumbukiza chubwi lake kisimani,
sasa anatimazi kwa jicho moja na Bismillahi.

Kwa Kahindi wa matairi, pale Makupa,
nikanunua vile vipande vya kubalansi magurudumu,
kilo na robo, ndani ya kopo la rangi.
Hakuuliza vya nini. Aliuliza tu
kama nimenunua gari.

Jiko la makaa, kikaango cha chuma
ambacho tangu leo hakitaona tena kitunguu,
upepo nikaupa mgongo.
Nilidhani itachemka kama maji.
Haikuchemka. Ililegea pembeni kwanza,
kama mtu aliyeshindwa hoja na hataki kusema,
kisha ghafla yote ikawa kioo,
na uso wangu ndani yake, mdogo, mwekundu.
Vipande vitatu vikakaidi, vikaelea: vya bati.
Nikaviopoa kwa upawa. Kahindi huyo!
Nikatia kijipande cha mshumaa,
kikawaka, kikanuka usiku wa stima kupotea,
na mavi ya risasi yakapanda juu, nikayakwangua.

Ya kwanza ilitoka na makunyanzi ya kisigino:
kalibu ilikuwa baridi.
Ya pili ilikuwa na pango ubavuni.
Kabla ya ya tatu, jasho likanidondoka kidevuni,
tone moja,
na kikaango kikanitemea: ptu!
Tundu kwenye buibui. Alama mkononi
hadi leo, kama ya chanjo.
Nilitukana kwanza,
ndipo nikamshukuru Mungu kwa miwani.

Bi Ruweida akachungulia dirishani mwake.
"Wafanyani, mwanangu?"
"Nasubu risasi."
Dirisha likafungwa. Komeo likalia.
Nikabaki na upawa hewani, nikakumbuka
lugha yetu ilivyo bahili hapa:
madini na mauti vimepewa jina moja
wagawane wenyewe.

Nikaipasha kalibu, nikaifukiza hadi ikawa masizi,
nikapitisha kitanzi cha waya tunduni,
nikamimina bila kusita. Kusita ndiko kunakokunja.
Nikahesabu hadi ishirini, nikafumbua.
Ikaanguka juu ya gunia
duara, inang'aa, na sikio lake la waya,
nzito kuliko nilivyojiandaa.

Babu angeishindilia mtutuni.
Mimi nikaifunga uzi.

Asubuhi, Chengo hajafika bado,
nikaijaribu sebuleni,
kwenye ukuta alioujenga baba kwa mkono wake,
ukuta ambao kila mgeni alipewa ausifu
kabla ya kupewa kahawa:
"Tazama ulivyosimama. Kama alifu!"

Risasi ikayumba. Ikapunguza. Ikatulia.
Juu, uzi wagusa chokaa.
Chini, vidole vyangu viwili
vyapita katikati bila kujibana.

Nikapima tena. Nikahamia upande wa mlangoni,
nikapima huko nako.
Kisha nikauviringa uzi,
nikanawa mikono kwa sabuni, mara tatu,
kama mtu aliyeshika kitu kisichoshikwa.

"Vipi, limefaa?" shangazi akauliza kutoka jikoni.
"Limefaa," nikasema.

Na baba, pale juu kwenye picha yake,
alikuwa ameinama kidogo
kutusikiliza.