Bega

Sisi tukimchoka mtu humpa kisogo.
Waingereza humpa bega, na bega lenyewe ni baridi.
Wapo wasemao lilikuwa bega la kondoo,
kiporo cha jana kisichopashwa moto,
aliloandaliwa mgeni aliyekawia kuaga.
Wapo wabishao. Mimi sikuwapo.

Ninachokijua ni cha Harthwaite, kaskazini,
ambako mvua hunyesha kimshazari
na Wilf Tyson hupasua nyama kwa msumeno wa babu yake.
Dada yake Dorcas hufuga kondoo bonde la pili.
Miaka kumi na mmoja
Dorcas aliwapeleka kondoo wake kwa bucha la mbali, maili thelathini,
na Wilf akanunua kondoo wa watu baki.
Haya nimeyaokota vipande vipande
nikifagia unga wa mifupa dukani.

Yalianzia kwenye jeneza.
Binamu wawili upande wa kushoto,
upande wa kulia Wilf mbele, mrefu kama ngazi,
na Dorcas nyuma, mfupi, akigoma kumpisha mtu:
"Na mimi nina bega."
Jeneza likainama njia nzima hadi kanisani.
Kwenye ngazi ya pili mzee akateleza humo ndani,
kichwa kikagonga ubao:
ko!
Na hapo Dorcas akayaona mabega ya kaka yake
yakitikisika.
Uso hakuuona. Aliyaona mabega tu.

Tangu siku hiyo mji ukasema Dorcas ana kibanzi begani.
Ndivyo wasemavyo huko: mwenye kinyongo
hutembea na kipande cha ukuni juu ya bega
akikungoja ukiangushe, mpigane.
Siku ya mnada nilimkodolea macho.
Sikuona ukuni.
Niliona koti la mvua lenye kiraka,
na mkono ukihesabu noti mara mbili.

Februari, theluji. Barabara kuu hupanda
ikapita begani mwa mlima
(mlima nao unalo, kama ilivyo chupa, kama lilivyo shati),
na pembeni mwake pana ukanda wa lami
kwa magari yaliyokata roho.
Huo pia ni bega. Bega gumu.
Hapo gari la Dorcas likazima, na kondoo tisa nyuma.
Wa kwanza kusimama alikuwa Wilf.

Sheria yataka usikae garini.
Wakakaa nyuma ya reli ya chuma, bega kwa bega,
neno ambalo kwetu lina ngoma na mabango ndani yake;
pale lilikuwa na baridi tu, na chupa moja ya chai.
Kikombe kilikuwa kimoja, kifuniko cha chupa.
Kikaenda, kikarudi.
Dorcas akasema kutoka begani,
maana huko asemaye bila kupinda
husema kama anayetupa ngumi, kuanzia begani:
"Siku ile, Wilf. Ulicheka?"

Yakapita malori manne, matano.
Wilf akapandisha mabega.
Wengine hupandisha wakashusha;
yeye aliyaacha hukohuko juu, karibu na masikio,
mpaka theluji ikaanza kutua juu yake.
Dorcas akainua mkono
akamfuta.
Upande mmoja tu. Ule wa karibu.

Nani aliongeza nini baada ya hapo, sijui.
Wilf hakusema, na Dorcas alinisimulia mpaka kwenye chai.

Ila Ijumaa ile nilitumwa bonde la pili
na furushi zito la karatasi ya nta.
Bega, lenye mfupa wake.
Juu yake Wilf alikuwa ameandika kwa penseli ya dukani,
ile ya kuandikia bei:
*Nyama hii ni ngumu. Saa saba, moto mdogo.
Usifunue-funue.*