Pea Zilizolewa

Deolinda hachagui pea nzuri.
Nzuri zilikwenda na lori la ushirika mwezi wa Agosti,
zimepangwa kwenye makasha
kama watoto wa shule siku ya kupigwa picha.
Anazotaka ni zilizokataliwa:
ndogo, ngumu, zenye makovu ya mvua ya mawe,
ukizigonga zinalia kama kuni.

Yeye huziita pera. Neno hilo mabaharia wao
walituachia, tukalivisha tunda jingine.
Mvinyo nao walituachia, na meza ya kuuwekea.

Anazimenya akianzia shingoni,
ganda likishuka utepe mmoja hadi gotini.
Kikonyo hakitolewi.
"Pea bila kikonyo," asema, "ni mtu aliyevua kofia
akasahau alikoiweka."

Nje, Bombarral inanyeshewa. Novemba.
Mizabibu imebaki mifupa.

Sukari, vikombe viwili, kwa kukisia.
Kijiti cha mdalasini. Ganda la limau,
ile njano tu, maana weupe wake ni uchungu.
Karafuu nne. Ya tano anaitafuna mwenyewe,
kwa ajili ya jino.

Kisha chupa.
Ya mwisho. Firmino aliandika mwaka kwa penseli,
mwandiko ukishuka
kama mtu anayeteremka ngazi gizani.
Miaka arobaini na mmoja alikanyaga zabibu zake,
akaonja, akafumba macho,
akasema, "Huu ndio mvinyo."
Na kijiji kizima kikanyamaza,
padri akanyamaza, daktari wa ng'ombe akanyamaza,
kwa sababu mvinyo wa Firmino ulikuwa mbaya.
Mbaya wa kukunja uso.
Mbaya wa kusugulia masizi.

Deolinda, bibi harusi wa miezi miwili,
aliunywa mara moja. Akameza.
Kesho yake akaenda kutafuta pea.
Akauficha ndani ya tunda, akautia viungo,
akauchemsha taratibu hadi ukatubu.
"Mke wangu," Firmino aliwaambia watu,
"hawezi kumaliza wiki bila pea."
Naye aliitikia: hawezi.

Leo mkono unasita kwenye kizibo.
Hakuna wa kudanganywa tena.
Dukani kwa Abílio upo mvinyo mzuri, wa bei nafuu,
na pea hazitajua.

Anamimina kidole kimoja kwenye glasi,
anaunywa ukiwa mtupu,
kwa mara ya pili maishani.
Uso unajikunja wenyewe.
"Mbaya," anakiambia kiti cha mkabala.
"Bado mbaya, mzee wangu."
Kicheko kinamtoka, kinambana mbavu,
hata anashika ukingo wa meza.

Kisha anaumimina wote.
Pea zinazama hadi shingoni. Moto mdogo,
kifuniko kikae upande.
Zinabadilika bila haraka: waridi kwanza,
halafu zambarau ya joho la padri wakati wa Kwaresima.
Saa moja na nusu baadaye sharubati inashika kijiko
na dirisha haliono nje kwa mvuke.

Bakuli moja anampitishia Zulmira juu ya ukuta,
likifuka moshi mvuani.
Zulmira anauma, anafumba macho.
"Kila mwaka nakuuliza. Siri yake nini?"

"Mvinyo wa Firmino."

Zulmira anaacha kutafuna.