Shehena ya Jua

Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa forodha Kilindini.
Najua mzigo uliofika na mzigo uliotoka
si kitu kimoja.
Meli hutia nanga, kontena hushushwa,
hesabu huandikwa kwa wino,
na bado mchele ukaoza langoni
kwa kukosa muhuri mmoja.

Kwa hiyo daktari aliponiinamia kando ya mashine
akasema, "Damu yako ina upungufu wa vitamini D,
ile ya jua,"
nilicheka hadi mrija ukatikisika.
Mimi? Mtu wa Kuze?
Jua la hapa halibishi hodi.
Hukausha leso kabla haijaenea kamba,
hubambua rangi ya milango,
hukufuata hadi chooni.

Akachora nyuma ya karatasi ya dawa:
jua hadi ngozi, ngozi hadi ini,
ini likagonga muhuri wa kwanza,
kisha mshale mrefu hadi figo.
Hapo kalamu ikasimama.

Sikuhitaji zaidi. Ofisi ile naijua.
Feni imekufa, faili zimeota ukungu,
karani anasinzia na kalamu sikioni,
na jua langu lote,
hata lile la utotoni, la kuogelea uchi Mlango wa Papa,
limerundikwa uani
halijagombolewa.

"Na nani alikuwa akiusubiri mzigo huu?"
Mifupa, akasema. Hilo nilitarajia.
Lakini na chembe nyeupe pia,
walinzi wa damu:
jua lililogombolewa huwasaidia
kumjua mgeni na kumjua mwizi.
Likikosekana hukaa langoni macho wazi,
mwizi akapita
akiwaamkia.

Nikakitazama kitanda cha dirishani.
Mwadime hakuondolewa na figo.
Ni kikohozi, kikohozi tu,
mjukuu wake alikiokota chekechea Jumatatu
na Alhamisi alikwisha kukisahau.

Mimi nami, chanjo ya homa ya ini
nimechomwa mara nne, dozi maradufu.
Sista Mbeyu akapima: mwili haukumbuki kitu.
"Kama mume wangu na siku ya kodi,"
akasema, akaniandikia tena.

Sasa nina kidonge, kidogo, laini,
rangi ya tone la samli.
Jua lililokwisha kupigwa mihuri yote huko kiwandani,
lisilopitia kwa karani wangu.
Nikauliza, litanikinga na kikohozi?
Daktari akavua miwani, akaifuta kwa koti.
"Mifupa, naweza kukuahidi kiasi.
Kikohozi, wataalamu bado wanabishana."

Nilimpenda hapo.
Maisha yangu yote kaunta ile
nimewaambia watu "kesho"
bila kufuta miwani.

Jumanne sina mashine.
Nakaa barazani, nimekunja mikono ya kanzu,
sindano zimeacha vinundu mkononi kama tasbihi.
Mwanamkuu anaita kutoka ndani:
"Jua hilo, wewe! Ingia!"
Nakuja, namwambia, na siendi.
Kichwani nafungua daftari la zamani,
naandika tarehe,
naandika: jua, limepokewa, hali nzuri.
Safu ya muhuri
naiacha wazi.