Goti na Tundu la Ufunguo

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
mimi ni fundi wa nyaya za magari.
Dada yangu Mwantumu yuko Bombo, wodi ya mifupa.
Usiku tukila, yeye anataja magoti,
mimi nataja swichi,
na mara nyingine tunagundua
tumeishika ajali moja, kila mtu upande wake.

Shemzigwa, kwa mfano.
Mwenye stoo ya mahindi Pongwe,
mtu mrefu, miguu kama ngazi iliyoegeshwa.
Funguo kumi na saba katika pete moja:
stoo, geti, kufuli tatu za kabati la pesa,
nyumba ya mke mkubwa, nyumba ya mke mdogo,
na mmoja asioukumbuka ni wa wapi
ila anaogopa kuutupa.
Zote zikining'inia ubavuni mwa usukani,
zikicheza kwa kila shimo.

Penye kona ya mkonge, goti likazigusa.
Kiduchu tu.
Swichi ikarudi nyuma hatua moja,
taa za dashibodi zikawaka zote kama sikukuu,
injini kimya,
usukani mzito kama jiwe la kusagia,
breki ikagoma kushuka.
Gari likaingia shambani,
na ule ufunguo wa swichi ukaingia chini ya pia ya goti.

"Jeraha lina meno," Mwantumu alisema, anamenya chungwa.
Kesho yake gari likavutwa hadi kwangu.
Meno nikayaona.

Siku mbili nilimfikiria aliyelichora.
Mezani, mbali, penseli imechongwa vizuri.
Aliupima mkono: unyooke, upate tundu bila macho.
Alimpima mwizi: usukani ujifunge ufunguo ukichomolewa.
Goti hakulipima.
Au alipima la kwake,
limekunjwa chini ya meza,
halijawahi kubeba stoo nzima ya Pongwe.

Wapo waliolishusha tundu katikati ya viti, karibu na gia.
Niliwahi kufungua moja, la daktari wa Muheza:
maganda ya karanga, mchanga wa Raskazone, nusu ya pipi.
Goti salama, swichi inakula uchafu.
Na hawa wa kubonyeza kitufe nao nawajua.
Mwalimu mmoja wa Chumbageni
alishuka na ufunguo mfukoni, akaenda kulala,
gari likabaki linahema peke yake hadi mafuta yakakata.

Shemzigwa akaja na mkongojo.
"Hamisha."
Nikamwambia tuanze na pete. Akanuna.
Basi nikarefusha nyaya, nikatoboa kando ya gia,
kufuli la usukani nikaling'oa;
mwizi akipenda, aje.

Wiki ya tatu nilipanda naye kwenda Mabokweni.
Mkono wake wa kulia uliruka palepale pa zamani,
ukapapasa plastiki niliyoziba,
ukapapasa tena,
kama mtu aliyehama nyumba
anatafuta taa kwenye ukuta wa watu wengine.
Kisha wa kushoto, taratibu, ukashuka.

Pete ikalia chini. Nikahesabu: kumi na sita.
Sikuuliza ni nyumba ya nani.